Kamisheni ya Marehemu

Ijumaa ya tarehe kumi na nne Shaabani, saa tatu na nusu asubuhi, maji yalitoka katika kisima cha Simba. Kiu ya wanyama iliisha saa hiyo. Njaa ya waliokichimba ndipo ilipoanza.

Kabla ya siku hiyo walikuwa wamekaa miezi saba bila mvua. Bwawa lilikauka, mtama ukafia shambani, na hata Kiboko akakonda mpaka watu wakamheshimu. Simba alitaka kisima, na ghala lake lilikuwa na mtama wa kulipia, maana yeye hali mtama lakini kodi hupokea. Tatizo ni kwamba Simba ana makuu. Hawezi kusimama juani akipatana na vibarua. Kwa hiyo alimwita Fisi, mwenye uwakala wa ajira. Ofisi ya uwakala ilikuwa pango, na uwakala wenyewe ulikuwa Fisi peke yake, ila kila alipozungumza alisema "sisi".

Fisi akaajiri wachimbaji wawili. Mmoja alikuwa Muhanga, aliyezaliwa na kucha za kuchimbia. Wa pili alikuwa Nungunungu, mzee mwenye kifua kibovu, ambaye alikuwa na mke na hakuwa na akiba. Masharti yalikuwa mawili. La kwanza, kila mmoja angepata pishi mia moja za mtama Simba akishalipa, na hapo uwakala ungekata pishi kumi za kamisheni. La pili, mchimbaji hana ruhusa ya kumwuliza Simba neno lolote kuhusu malipo. Akiuliza, amepoteza vyote.

Walichimba siku arobaini. Maji yalipotoka Simba alikunywa, akajisifu kana kwamba amechimba yeye, kisha akaenda kulala.

Tangu hapo Muhanga alikwenda pangoni kila asubuhi. Fisi alimwambia kwamba Simba hajalipa. Ramadhani ilipoingia, Fisi, ambaye hajawahi kufunga hata nusu siku, alimweleza kwamba kugombania ujira kunaharibu saumu. Mwezi wa Mfunguo Mosi akasema Simba bado anakipima kisima kina. Huku akisema hayo, mwili wake ulikuwa unazidi kunawiri, na yeye alidai ni uvimbe wa mawazo.

Nungunungu alikwenda mara moja tu. Aliketi mlangoni kwanza, akavuta pumzi.

"Bwana Fisi, sitaki zote. Nipe pishi mbili nimpelekee mke wangu apike uji."

"Mzee wangu, ningekuwa nazo ningekupa nne," alisema Fisi. "Ni huyo Simba anayetutesa sisi sote."

Nungunungu alimshukuru, akarudi nyumbani polepole. Siku ya tisa ya Mfunguo Pili, baada ya sala ya alfajiri, alifariki. Kifua na njaa vilisaidiana.

Mjane wake, Bi Nungu, alimwomba Sungura awe msemaji wa familia, kwa sababu Sungura anaweza kusema bila kulia. Sungura alimwuliza Muhanga kama mkataba ulimkataza pia marehemu kuulizia malipo. Muhanga akafikiri sana, akajibu kwamba marehemu hakutajwa. Basi Sungura akaenda kwa Simba kumwambia kuwa anayekunywa maji ya kisima hakosi kumzika aliyekichimba. Akapita kwa Fisi kumdokezea kwamba kutakuwa na chakula. Kisha akajaza magunia matatu kisimani, akayafunga vizuri, akayapanga uani kwa Bi Nungu.

Wanyama walikusanyika. Fisi alifika wa kwanza, na wenye msiba wakaweka walinzi wawili kando ya jeneza kwa ajili yake. Macho yake yalitulia kwenye magunia.

Kabla mwili haujatoka, Sungura alisimama akauliza kama ilivyo desturi:

"Kama yuko anayemdai marehemu, aseme sasa. Tusimzike ndugu yetu na deni shingoni."

Fisi akanyanyua mkono. "Sisi tunamdai. Pishi kumi za kamisheni."

Bi Nungu aliinamisha kichwa. Muhanga alitaka kuinuka, Sungura akamzuia.

"Pole sana, Bwana Fisi. Utalipwa. Ila mimi biashara siijui, nifundishe. Kamisheni hudaiwa lini?"

"Mteja akishalipa."

"Na kama hajalipa?"

"Hapo hatudai kitu. Sisi si wezi."

"Basi hii yako inadaiwa tangu lini?"

Fisi alikuwa akiyatazama magunia. "Tangu kumi na nne Shaabani, saa tatu na nusu," alisema. "Maji yalitoka, Simba akalipa papo hapo."

Simba aliinuka taratibu.

"Kwa hiyo hii miezi mitatu," alisema, "panya wanaponong'ona nikipita, ni mimi ninayeitwa mdaiwa sugu?"

Panya wakaanza kurudi nyuma mmoja mmoja.

Walikwenda pangoni. Muhanga alifukua sakafu, na mtama ulikuwa chini yake, ukingoja bei ipande. Kilichopungua, Fisi alikuwa amekibadilisha kwa nyama kavu. Simba aliamuru Fisi ambebee Bi Nungu maji mpaka pengo lizibwe, na akamkataza kuuliza neno lolote kuhusu malipo.

Sungura hakuvunja ahadi. Alimkabidhi Fisi gunia moja. Fisi alilifungua akakuta mchanga.

"Ni kamisheni yako," Sungura alimwambia. "Marehemu aliutoa kisimani kwa mikono yake."

Muhanga alichimba kaburi, na hiyo kazi hakuidai. Bi Nungu alipika uji wa mtama siku hiyo. Aliyewahi kuzika anajua ulikuwa na ladha gani.

Ewe Mola, mrehemu mzee wetu Nungunungu. Msamehe alipokosa, mpanulie kaburi lake, na kifua chake kisimsumbue tena. Mlaze mahali penye maji ya karibu, umlipe kwa mkono wako mwenyewe, bila wakala katikati. Amina.