Kiboko Alivyoimeza Diski Nzima

— Naja na ngano!
— Ije, tuipokee!
— Inakuja imechoka.
— Ipe kigoda ikae!

Basi hapo zamani, tena si zamani sana, wanyama wa ukingo wa mto walikuwa na kompyuta moja. Ilikaa ndani ya kichuguu na kutumia umeme wa jua. Kompyuta moja, diski moja. Kila ukoo ulikuwa na fungu lake kwenye diski hiyo, na humo ulihifadhi kila kilicho chake.

Shida ni kwamba kila ukoo ulihifadhi kwa desturi yake. Nyuki waliweka vitu vyao katika vijumba vya pembe sita. Mchwa waliweka vyao ghorofa juu ya ghorofa. Mbayuwayu walivipanga mstari mmoja, kama wanavyokaa wenyewe kwenye waya. Kiboko alivitupa rundo. Ukisogeza mpaka wa fungu bila kujua desturi ya mwenyewe, unaharibu vyote vilivyomo.

Fundi wao alikuwa Sange, yule mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu isiyotulia. Sange aliunda programu. Programu iliichora diski nzima kwenye kioo kama shamba, kila fungu na rangi yake: la Nyuki njano, la Mchwa kahawia, la Mbayuwayu jekundu, la Kiboko bluu. Ukitaka fungu likue, unaushika mpaka kwenye kioo, unauvuta, sriii, basi. Programu ilizijua desturi za wenyewe.

Kazi hiyo ilimchukua Sange misimu saba ya mvua. Akimaliza desturi ya Mchwa, Mchwa wanaongeza ghorofa. Akimaliza desturi ya Nyuki, Nyuki wanapata malkia mpya, na malkia mpya ana lake. Anarudi mwanzo. Hakuna aliyesema asante. Walileta malalamiko, naye aliyaandika kwenye orodha. Yalikuwa yamefika mia nne na kumi na moja.

Asubuhi moja kichuguu kikatikisika. Tii! Tii! Tii! Kiboko huyo, aliyemwita Sange Kapua kwa ajili ya pua yake.

"We Kapua!"

"Naam, mzee."

"Fungu langu limejaa."

"Limejaa nini, mzee?"

"Limejaa mimi."

Alisema kweli. Kila asubuhi Kiboko alirekodi sauti yake na kuiweka humo. Tangu alipolifungua fungu lile hakuwahi kulifunga hata siku moja. Rekodi zilipiga kutwa, hoo-ho-ho-ho, na mto mzima ulisikia upende usipende.

"Nataka la Nyuki," alisema Kiboko. "Nataka la Mchwa. Nataka na hilo jekundu."

"Hilo ni la Mbayuwayu, mzee."

"Wako wapi?"

"Wamesafiri."

"Basi si lao."

Pua ya Sange ikasimama. Katika fungu lile jekundu mlikuwa na ramani ya safari: visima viko wapi, miti ya kulala ni ipi, mlima upitwe upande gani. Mbayuwayu wakirudi nyumbani hufuata mvua tu. Wakitoka, wanahitaji ramani. Wazee walioijua kwa kichwa walikwisha kufa, na nakala nyingine haikuwepo. Ramani ikifutika, watoto watakaozaliwa msimu ujao wataruka na kuishia jangwani.

"Na kama haiwezekani, mzee?"

Kiboko akakitazama kichuguu. Akageuza shingo, akayatazama makalio yake.

"Nakaa," alisema. "Nakaa hapa hapa."

Sange alikuwa amechoka hata kuogopa. Akasogea pembeni.

"Vuta mwenyewe, mzee."

Kiboko akauvuta mpaka wa Nyuki kwa mdomo. Sriii. Njano ikaisha, bluu ikaongezeka. Programu ikauliza: Una hakika? Kiboko akagusa Ndiyo bila kusoma.

"Umeona?"

"Nimeona, mzee."

Akauvuta mpaka wa Mchwa. Sriii. Kahawia ikaisha, bluu ikaongezeka. Una hakika? Ndiyo.

"Umeona?"

"Nimeona, mzee."

Akauvuta mpaka wa Mbayuwayu. Sriii. Nyekundu ikaisha. Kioo kizima kikawa bluu.

"Umeona?"

"Nimeona, mzee. Hongera."

Kiboko akaondoka akitabasamu, na Kiboko akitabasamu ni mdomo kweli kweli.

Hazikupita dakika, Nyuki wakaingia. Vuuuu!

"Sange! Umetuuza!"

"Fungueni fungu lenu," alisema Sange.

Wakalifungua. Kila kijumba kilikuwa mahali pake.

"Sasa mbona kwenye mchoro hatupo?"

Sange akawaonyesha maandishi madogo chini ya kioo: Kazi zinazosubiri, tatu.

"Mchoro ni kile anachokitaka. Diski haijaguswa. Haiguswi mpaka abonyeze Tekeleza."

"Akibonyeza je?"

"Kitufe chake hakibonyezeki. Programu haipanui fungu wakati mwenyewe amelifungua. Huwezi kukirefusha kitanda mtu amekilalia. Lazima atoke kwanza."

"Na hatoki."

"Hatoki."

Nyuki wakatazamana. "Ndugu yetu, na siku akitoka?"

Sange akarudi kwenye kazi yake. Mchwa walikuwa wameongeza ghorofa.

Siku zikapita. Kiboko alileta shemeji zake waone. "Bluu yote hiyo ni mimi," aliwaambia. Shemeji wakasema makubwa. Kisha siku moja akaja na rekodi mpya, ndefu kuliko zote, akaiweka. Kioo kikaandika: Fungu limejaa.

Tii! Tii! Tii!

"We Kapua! Diski nzima yangu, inajaaje? Umenidanganya!"

"Sijakukatalia hata kimoja, mzee. Kazi zako zinasubiri."

"Zinasubiri nini?"

"Wewe utoke."

Kiboko akafikiri. Hakuwa mwepesi wa kufikiri, lakini akipewa muda alifika.

"Nikitoka, zinatekelezwa?"

"Ukitoka, na ukathibitisha."

Nyuki mlangoni waliacha kuvuma. Kiboko akalifunga fungu lake. Hoo-ho-h... kimya. Mto ukasikika ukitiririka. Chura mmoja akakohoa, akaona haya, akanyamaza.

Kitufe cha Tekeleza kikawaka. Kiboko akakibonyeza kwa pua. Kioo kikaandika: Mwenye fungu aandike neno lake la siri.

"Neno gani?"

"Uliloweka siku ulipolifungua fungu, mzee."

"Liandike wewe."

"Ni la siri, mzee."

Kiboko akaandika: KIBOKO. Bip! Sivyo.

Akaandika: MKUBWA. Bip! Sivyo.

Akaandika: KIBOKO MKUBWA. Bip! Sivyo.

"Kuna kidokezo," alisema Sange. "Ulikiandika mwenyewe."

Kidokezo kikatokea: Nani mkubwa kuliko wote?

Kiboko akacheka mpaka kichuguu kikamwaga vumbi. "Hilo tu?" Akaandika: MIMI.

Bip! Sivyo.

Sange alilijua jibu. Siku neno lilipowekwa alikuwepo. Ulikuwa msimu wa kwanza, na Kiboko alikuwa ndama. Alifika amepanda mgongoni kwa mama yake. Sange alimsogezea kioo kwa sababu hakukifikia. Ndama aliandika swali lake, akajibu papo hapo bila kuwaza, herufi nne: MAMA.

Sange hakusahau. Asichokuwa na hakika nacho ni kama Kiboko naye alikumbuka. Kumbukumbu ya namna hiyo humjia mtu ghafla, hata akiwa anapiga miayo. Ikimjia sasa, mbayuwayu wamekwisha.

Kiboko akapiga miayo. Akaandika: MIMI KIBOKO. Sivyo. MIMI PEKE YANGU. Sivyo. MIMI TENA. Sivyo. Jua likafika utosini.

Akageuka. "Kapua, wewe unalijua?"

"Mzee, mimi na udogo huu, nitamjuaje mkubwa kuliko wote?"

Jibu hilo lilimridhisha. Akaenda mtoni kufikiri. Kichuguu hakukikalia, maana sauti zake zote zilikuwa humo ndani. Kila asubuhi alirudi na neno jipya, na kila neno lilianza na MIMI. Kila asubuhi Sange alimsogezea kioo.

Mvua zikaja, mbayuwayu wakaja nazo. Wakajenga, wakataga, wakaangua. Watoto walipoota manyoya ya kutosha, waliletwa kichuguuni wakalifungua fungu lao. Visima vilikuwepo. Miti ilikuwepo. Mlima ulipitwa kushoto. Wakasoma siku tatu, ti-ti-ti, ti-ti-ti, mpaka wakaijua njia yote.

Siku ya kuondoka, bibi mmoja wa mbayuwayu alibaki nyuma. Sange alidhani amekuja kusema asante. Akajifuta vumbi puani.

"Fundi," alisema bibi, "kwenye mchoro wako hatupo. Bluu tupu. Programu yako ina kasoro."

"Ndiyo, bibi."

"Utairekebisha lini?"

Sange akaichukua orodha, akaandika: mia nne na kumi na mbili.

Bibi akaruka kuwafuata wenzake. Sange akasimama mlangoni kuwahesabu watoto, na wote walielekea upande uliotakiwa. Halafu kichuguu kikatikisika. Tii! Tii! Tii!

"We Kapua! Leo nimelipata! Leta kioo!"

"Naam, mzee."

Ngano imeishia hapo, wenzangu. Funzo lake ni jepesi: mkubwa akiamuru, mdogo atii bila ubishi. Mtazameni Sange. Hakuwahi kusema hapana.

— Aliyesikia aondoke nayo!
— Na aliyesinzia?
— Amuulize jirani. Mimi nimechoka.