Sifa si Shuka

Sifa si shuka. Mmeisikia leo kwa shangazi yenu, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza ilikotoka. Ilitoka huku huku milimani Usambara, wajukuu zangu, na siku iliposemwa mara ya kwanza hakuna aliyecheka.

Alikuwako mwanamke akiitwa Mwantumu, mjane wa maalim. Mumewe alifariki yeye angali kijana, wala hawakujaliwa mtoto. Alipomaliza eda aliendelea kuwafundisha wasichana Kurani katika chumba cha uani, kwa upole, bila fimbo, na watu wakampenda kwa hilo. Walipompita njiani walishusha sauti.

Rafiki yake alikuwa Hidaya. Walichezwa ngoma pamoja walipovunja ungo, na tangu hapo hapakuwa na jambo la mmoja ambalo mwenzake hakulijua. Hidaya alikuwa na mume na watoto, na wengi walimwona mwenye bahati.

Masika moja dirisha la hicho chuo chake lilioza, akaitwa Shekiondo, mpasua mbao aliyefiwa na mkewe, alitengeneze. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alifanya kazi huku akiwasikiliza watoto wakisoma, na mmoja akikosea alitabasamu peke yake. Kazi ilipokwisha, Mwantumu alijikuta akilitazama lile dirisha na kutamani livunjike tena.

Alimwambia Hidaya wakiwa mtoni wanafua.

"Nataka kuolewa, mwenzangu. Si kwa ajili ya chakula, shamba ninalo. Nataka mume. Mwili wangu bado unamtaka mtu."

Hidaya aliikamua nguo hadi ikaisha maji. "Wewe ni mke wa maalim," akasema. "Watu watasemaje?"

"Maalim amekufa. Na Mungu hakukataza."

"Mungu hakukataza, lakini si Mungu anayekuletea watoto chuoni. Funga, Mwantumu. Swaumu huivunja hamu."

Mwantumu alifunga. Alisali akalia juu ya msala, akamwomba Mungu amwondolee lile jambo, na kila alipoinua uso alilikuta palepale. Mwishowe akaona kwamba anaomba aondolewe kitu ambacho hakikuwa dhambi. Akamwendea Hidaya akamtuma: "Mwambie Shekiondo alete wazee wake. Sitawakatalia."

Hidaya alikwenda, akarudi, akakaa naye jikoni na kumshika mkono. "Amesema anakuheshimu mno. Hawezi kuketi mahali alipoketi maalim."

Mwantumu hakuuliza zaidi. Aliona aibu. Mavuno yalipokwisha, Shekiondo alioa mwanamke wa kijiji cha ng'ambo ya bonde.

Miaka ikapita, na sifa za Mwantumu zikakua. Mjane yeyote aliyetaka kuolewa tena aliambiwa na mama zake, "Mtazame Mwalimu Mwantumu. Yeye si mwanamke?" Akawa kielelezo. Mwenyewe aliposikia alinyamaza, kwa sababu wakati huo hakuwa na kingine chochote ila hizo sifa.

Sasa siku moja kulikuwa na msiba kijiji cha ng'ambo, akaenda kuhani. Njiani akirudi alikutana na Shekiondo, mvi zimemjaa. Wakajuliana hali. Kisha yule mzee akasema, kama mtu anayeutua mzigo:

"Mwalimu, sikukulaumu kamwe. Nadhiri ni nadhiri."

"Nadhiri gani?"

"Si uliapa kutoolewa baada ya maalim? Masika yale yale ya dirisha nilimtuma Hidaya kukuposa, akarudi na jibu hilo. Akanisihi nisikufuate, nisije nikakuaibisha."

Mwantumu alimtazama. Mtu huyu alikuwa na mke nyumbani, na watoto, na kwa jinsi alivyowataja alikuwa akiwapenda. Akamwambia, "Ni kweli, nilikuwa nimeapa." Akaenda zake.

Hakufika nyumbani kwake. Alipita moja kwa moja kwa Hidaya, akamkuta anapepeta mahindi.

"Kwa nini?" akauliza.

Hidaya hakujifanya kutoelewa. Aliuweka ungo chini.

"Mume wangu hajanigusa tangu kitindamimba wangu aanze kutembea," akasema. "Hanipigi, hanitukani. Ananipita kama kigoda. Ulipofiwa, nikasema sasa angalau tuko wawili. Kisha ukaja mtoni na uso ule unang'aa."

"Ungeniambia."

"Ningekwambia nini? Nina mume, nilalamikie nini?" Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Lakini angalia, Mwantumu. Hakuna mwanamke anayeheshimiwa milimani hapa kama wewe. Hizo sifa ungezipata wapi?"

Mwantumu aligeuka akaondoka.

Haukupita muda mrefu, mama mmoja akamletea binti yake, Kidawa, mjane aliyetoka eda karibuni. Kulikuwa na kijana anamposa. Mama alikuja na dada zake, wakajaa kwenye mkeka.

"Mwalimu, tusaidie kumfunza mwanao," akasema. "Mweleze ulivyotulia wewe, mpaka leo unasifiwa."

Mwantumu alimuuliza binti, "Unamtaka?"

Kidawa aliinama. "Ndiyo, Mwalimu."

"Basi mwozesheni. Mimi nimesifiwa miaka yote hii, na kila usiku nimelala na baridi yangu. Sifa si shuka."

Mama alisimama akakusanya dada zake, na walipofika nje walianza kusema. Kumbe ndivyo alivyokuwa. Kumbe ule utulivu ulikuwa wa uongo. Watoto wakatolewa chuoni mmoja mmoja, hata chumba kile cha uani kikabaki kimya. Waliokuwa wakishusha sauti njiani sasa walipandisha. Yeye na Hidaya walisalimiana kisimani hadi uzeeni, "Hujambo," "Sijambo," na kila mmoja akajitwika ndoo yake.

Kidawa aliolewa. Yeye ndiye aliyewafundisha binti zake neno hilo, nao wakawafundisha binti zao. Kwa hiyo mtu akikwambia ukae hivyo hivyo ulivyo ili usifiwe, mkumbuke mjane wa maalim, kisha umjibu kwa adabu: sifa si shuka.