Bi Kobe Aliyekufa kwa Majibu

"Ngano, wenzangu!"
"Imwage tuizoe."
"Ina uongo ndani."
"Huo ndio chumvi yake."
"Basi asiye na mkeka akalie kisigino chake."

Hapo kale, baada ya ukame mrefu, wanyama walijenga hospitali chini ya jabali. Mkuu wake alikuwa Ndovu. Mpima damu alikuwa Ruba, maana nani aijuaye damu kumshinda Ruba? Mlinzi wa chumba cha maiti alikuwa Fisi, na kazi hiyo aliiomba mwenyewe. Wodini nesi alikuwa Pimbi, mdogo wa umbo, miguu imevimba, tangu alfajiri hajakaa.

Wagonjwa walikuwa wengi, na Ndovu alichoka kuulizwa nani mzima na nani mfu. Akatoa amri: majibu ya damu yakisema mtu amekufa, amekufa, apelekwe kwa Fisi. Waliopelekwa kwa Fisi hawakuonekana tena, hata mifupa. Pimbi alimkumbuka Kongoni, aliyeburutwa kwenda huko huku akiomba maji ya kunywa. Alimkumbuka kila alipopita kwenye kitanda alichokuwa amelalia.

Asubuhi moja akaletwa Bi Kobe, bibi kizee, amelegea. Pimbi akamtoa damu, akampelekea Ruba. Ruba akaonja, fyonz. Akaonja tena, fyonz.

"Sista," akasema, "hii si damu. Haya ni maji yaliyooshea mchele. Mwenye hii amekufa, na hakufa leo."

"Nimemwacha anaongea."

"Mimi siijui midomo ya watu. Naijua damu yao."

Pimbi akarudi wodini mbio, kadiri miguu ilivyomruhusu. Alitazamia kukuta shingo imelala. Akamkuta Bi Kobe ameketi, bakuli mkononi.

"Shikamoo, bibi. Unajisikiaje?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Najisikia njaa. Huu uji wenu nani kaupika, adui?"

Pimbi akashusha pumzi, puuu. Mambo haya alikwisha kuyaona. Nyegere sukari yake ilizidi asali, akaamka kuulizia mizinga yake. Nyumbu damu yake ilikuwa chumvi tupu, na sasa yuko malishoni anapiga watu mateke. Mwanzoni Pimbi alikuwa akishtuka hata akaangusha vyombo. Siku hizi alishtuka kwa ndani tu, akapima tena.

Akapima tena. Ruba akaonja, fyonz. Majibu yale yale.

Habari mbaya ina miguu. Mara akasikia mlangoni kwachu, kwachu, kwachu. Fisi huyo, anachechemea, mate yanamtoka.

"Kwi kwi kwi. Nasikia nina mgeni."

"Huna mgeni, Bwana Fisi. Mgonjwa anakunywa uji."

"Majibu yanasemaje?"

"Yanasema amekufa."

"Basi anakunywa uji wa nini? Anawaharibia chakula walio hai. Mlete."

Bi Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba, asitoe hata pua. Kutoka humo ndani ikatoka sauti ndogo: "Mjukuu wangu, usinipe."

Pimbi alichoka, tena alichoka sana. Kushindana na Fisi kwa nguvu hakuwezi. Kushindana naye kwa sheria hakuwezi, sheria iko upande wake. Ikabaki kushindana naye kwa tumbo.

"Nitakupa," akasema. "Lakini mtazame bibi wa watu, gamba na mifupa. Utakwamwa. Jikoni kuna chungu cha samli. Nenda kalainishe koo kwanza."

"Ninywe kiasi gani?"

"Kunywa kiasi chako."

Kiasi cha Fisi ni chungu kizima. Akabugia, gubu gubu gubu, akalamba mpaka nje ya chungu. Kisha akajinyoosha mlangoni mwa jiko, akakoroma mpaka jua likapinda. Pimbi akamngoja. Alipoona tumbo limefanya kazi yake, akamgusa bega.

"Bwana Fisi, amka umchukue mgonjwa wako. Ila maradhi yake hatuyajui. Anayemgusa lazima apimwe damu kwanza, tusije tukakupoteza."

Fisi, kashiba, usingizi umemjaa, akanyoosha mkono bila kuufikiri. Damu ikatoka nyeupe pee, kama tui la nazi.

Ruba akaonja, fyonz. Akatema.

"Sista, hii nayo si damu. Hili ni bwawa la samli. Mwenye hii hawezi kuwa hai. Nani huyu marehemu?"

Pimbi akayachukua majibu yote mawili mpaka kwa Ndovu.

Ndovu akaja wodini, gudu, gudu, gudu, ardhi ikitikisika. Akayatazama majibu. Akamtazama Bi Kobe. Akamtazama Fisi.

"Maiti ni wawili," akasema. "Wapelekwe wote. Fisi, ukishaingia ndani, nani atakufungia mlango?"

"Mheshimiwa, mimi ni mzima," Fisi akasema.

"Majibu yanasema umekufa."

"Nazungumza nawe."

"Na bibi huyu alizungumza," Pimbi akasema taratibu. "Na Kongoni aliomba maji."

Nje, tai wawili walikwisha kutua juu ya jabali, wanamtazama Fisi wakihamisha uzito mguu huu na huu. Fisi akawaona.

"Majibu peke yake hayaui mtu," akasema. "Atazamwe mwenyewe kwanza. Akila, akisema, ni mzima."

"Sema kwa sauti, Bwana Fisi," Pimbi akasema. " Wa kitanda cha mwisho hawakukusikia."

Fisi akasema kwa sauti. Ndovu akakuna sikio, akawaza kwa muda mrefu, maana kuwaza hakukuwa kazi yake ya kila siku. Kisha akaamuru iwe hivyo tangu siku ile, kwa wote. Fisi akatoka kwachu kwachu, tumbo limemvuruga njia nzima, tai nyuma yake. Kazi ile hakuirudia.

Bi Kobe akatoa kichwa. Damu yake iliendelea kuwa maji ya mchele kwa majuma mengi, na hakuna aliyejua ni nini kilichomshikilia. Pimbi aliacha kuuliza. Siku ile ile alivuta kigoda, akainama akalie hatimaye, mara Ruba akaita kutoka maabara:

"Sista, njoo uyaone majibu ya huyu Mbuni."

Akasimama, akaenda.

Ngano yangu naitua hapa kama mzigo wa kuni; mwenye baridi achukue, mwenye joto apite. Na funzo lake ni hili, walisikie wauguzi wote: msibishane na wakubwa. Nawe mgonjwa, ukiambiwa umekufa, kuwa na adabu, ufe.