Bi Pimbi Bado Anajifunza

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na milango na hakuna aliyeingia kwa mwenzake bila kubisha hodi, aliishi bibi mmoja, Bi Pimbi, katika majabali yaliyo juu ya bwawa. Pimbi mnamjua, wanangu: kama sungura aliyenyimwa masikio, na mkia hana kabisa.

Bi Pimbi alilea watoto mpaka wote wakahama. Nyumba ilipokuwa kimya, alibadilisha vikapu vyake vya ukindu kwa kamera kuukuu, akaanza kujifunza kupiga picha za viumbe. Majirani walicheka. Picha ya kwanza ilikuwa ya kobe, na bado ilitoka imetikisika. Ya pili ilikuwa ya kidole chake mwenyewe.

Hakuacha. Kila alfajiri alikuwa nje, akijifunza upepo unatoka wapi, jua linaangukia wapi, na chozi, yule kindege anayefyonza maua, hutua kwanza kwenye ua lipi. Wakimuuliza atapumzika lini kama wazee wenzake, anajibu kwamba bado anajifunza.

Asubuhi moja alilala kifudifudi ukingoni mwa jabali akimsubiri chozi. Jicho moja kalifumba, jingine kaliweka kwenye kamera. Na mpiga picha akifumba jicho moja, dunia nzima iliyobaki humtoka.

"Shikamoo, Bibi," sauti ikasema nyuma yake.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia bila kugeuka, maana chozi alikuwa anatua. Kacha! Picha ikapatikana. Ndipo alipogeuka, akakutana uso kwa uso na Chui.

Alitaka kuchomoka, wapi! Mkia wa kukanyagwa hakuwa nao, lakini mkanda wa kamera ulikuwa shingoni mwake, na Chui alikuwa ameweka guu lake juu ya mkanda.

Chui, kwa adabu zote, alieleza kwamba salamu ameshatoa, sasa anaomba ruhusa ya kula.

Lakini macho yaliyozoea kutazama hayaachi kutazama. Bi Pimbi aliona kwamba Chui haangalii shingo yake. Anaangalia kioo kidogo cha nyuma ya kamera, ambamo chozi alikuwa ametulia na tone la umande mdomoni.

"Wewe, mwanangu," akasema taratibu, "umewahi kujiona ukiruka?"

Kujiona akinywa maji, Chui alishajiona bwawani. Lakini ule mruko wake unaosifiwa nyika nzima, waliouona kwa karibu hakuna aliyebaki wa kumsimulia.

Wakakubaliana: Bibi ampige picha akiruka, kisha aliwe.

Chui akaruka. Kacha! Ukatoka mkia peke yake. Akaruka tena. Nusu ya sikio. Kesho yake, wingu.

"Bibi, kichwa changu kiko wapi?"

"Bado najifunza, mwanangu. Nawe una kasi mno."

Hivyo ndivyo walivyoishi. Mchana Chui anaruka, akiwa ameziba njia ya kutorokea, na Bibi anakosea, usiku Chui analala mlangoni pake asitoroke. Mpaka siku moja Chui, katika kubofyabofya kamera, akamkuta ndani mdiria, yule ndege mvuvi, akiibuka majini kama mshale, mzima, hata magamba ya samaki aliyembeba yakihesabika.

Chui alimtazama mdiria. Akamtazama Bibi.

"Bibi, wewe hujifunzi tena," akasema. "Umehitimu. Na aliyehitimu analiwa."

Bi Pimbi hakubisha. Alisema tu kwamba anasikitika, kwa kuwa akishaliwa hakutakuwa na wa kumpiga Chui picha, basi afadhali amrithishe kazi yake kwanza. Chui akaona hilo ni neno la busara.

Wakalala ukingoni shavu kwa shavu, maana mkanda ulikuwa bado shingoni mwa Bibi. Chui akashika kamera na kufumba jicho moja. Ng'ambo ya bwawa alikuwepo swala mnene, mdogo kama punje. Bibi akanyoosha mkono, akaizungusha polepole lenzi ya kuvuta vitu vya mbali. Swala akaja. Akaja. Akaja mpaka nzi puani mwake akaonekana.

Naye Chui, kama mwanafunzi yeyote, dunia nzima iliyobaki ikamtoka. Jabali likamtoka, bwawa likamtoka. Akaiachia kamera, akaruka.

Bi Pimbi aliidaka, akairudisha lenzi nyuma, akashusha pumzi. Kacha!

Chubwi!

Chui alipotokeza kichwa majini, swala hayupo, na Bibi yuko ndani ya ufa mwembamba wa jabali, ambao hata ukucha wake haupiti.

Jioni, hodi ikapigwa, ya mtu aliyelowa.

"Bibi. Kichwa kimo?"

"Kimo, mwanangu. Na mkia umo, na miguu yote minne. Macho tu yamekutoka pima."

Akakisogeza kioo kwenye ufa. Chui akajitazama angani, kwa muda mrefu sana.

"Mdomo umekaa wazi mno," akasema hatimaye.

"Ni kweli," akajibu Bi Pimbi kutoka gizani. "Tungali tunajifunza."

Kwa hiyo, wanangu, anayezidi kujifunza huona mengi kuliko anayetaka tu kuonekana.