Ndege Anaondoka Jumamosi

Hapo zamani za kale, wanangu, kifaru akiwa bado hajajifunza kusikiliza, Bi Pimbi aliishi kwenye pango lake zuri la mawe, yeye na watoto wake wanne. Siku moja wakaja wageni wawili. Hodi, hodi! Kifaru akajiita mjomba, Kiboko akajiita shemeji. Undugu wenyewe ulianzia wapi mimi sijui, na Bi Pimbi pia hakujua.

Walisema watalala siku mbili. Mwezi wa tatu ukaingia! Kifaru kalala chumbani, khoroo! Kiboko kalala sebuleni, khoroo! Watoto wa Bi Pimbi wakalala nje, mvua inawanyeshea, chwa chwa chwa, na yule mdogo akaanza kukohoa. Bi Pimbi aliumia sana. Lakini kuwafukuza angewezaje? Kifaru akipiga chafya tu, yeye anarushwa mpaka mtoni.

Asubuhi moja, wakingoja uji, Kiboko akapiga miayo. "Shemeji, baridi ya hapa imenishinda. Nasikia kuna mji wa pwani, mbali huko, jua mwaka mzima, watu kazi yao kujilaza mchangani."

"Kwa miguu ni miezi sita," akasema Kifaru. "Labda tupande ndege, zile zinazopita juu, vuuuu!"

Masikio ya Bi Pimbi yakasimama, twii!

"Ndege yupo, mjomba! Kila mwaka anakwenda huko huko. Anaondoka Jumamosi jua likichomoza, kule bwawani."

"Inaondoka Jumamosi?" Kifaru akaruka, pango likatikisika.

"Anaondoka Jumamosi," akasema Bi Pimbi polepole.

Nyinyi mmesikia, wanangu? Kifaru hakusikia. Alikuwa anatafuta miwani yake ya jua.

"Chakula je?" akauliza Kiboko.

"Ndege huyo chakula chake ni vyura tu, shemeji. Bora mbebe chenu."

"Mimi nakaa dirishani!"

"Dirishani nakaa mimi!" Wakasukumana, puu! paa!

"Jamani, msinivunjie nyumba! Ila kuna sharti moja. Safari ndefu haitaki moyo wa kurudi nyuma. Apeni kwamba mkishatoka mlango huu, hamtauingia tena."

Kifaru akaapa kwa pembe yake, Kiboko kwa meno yake. Na siku zile, aliyevunja kiapo cha pembe, pembe ilidondoka, ka!

Jumamosi ikafika. Kifaru kabeba mabegi matatu. Kiboko kajipaka mafuta ya nazi mwili mzima, madumu manne, kwa ajili ya jua la huko. Kila hatua anateleza, teleee!

Bwawani wakamkuta Korongo, kasimama kwa mguu mmoja.

"Wewe ndiye mkata tiketi?" akauliza Kifaru.

"Mimi ndiye ndege."

"Wewe? Ndege?"

"Tangu nizaliwe." Korongo akaitazama miguu yake mwenyewe, kisha tumbo la Kiboko. "Samahani, mimi sibebi hata kiroboto." Pu-pu-pu! Akapaa zake kwenda pwani.

"Ngoja, abiria tupo!" Kiboko akaruka amdake mguu. Mafuta yale! Teleee... chubwi! Akamvuta na Kifaru, mabegi na miwani, wote matopeni.

Wakarudi mbio, Kifaru anafuka mvuke puani. Bi Pimbi amekaa ndani anakunywa uji.

"Pimbi! Ulituambia ndege inaondoka!"

"Wanangu," akaita Bi Pimbi, "mama yenu alisemaje?"

Kutoka chumbani, chini ya blanketi, watoto wanne wakajibu: "A-na-o-ndo-ka!"

Kifaru akainua mguu avuke mlango. Akaikumbuka pembe yake. Akaupapasa uso wake kwa woga, kisha mguu akaushusha taratibu, huku Kiboko kajiziba mdomo, analinda meno.

Wakaenda zao kwa miguu, matope yanadondoka. Usiku ule watoto walilala chali, wamenyoosha miguu mpaka ukutani, na yule mdogo hakukohoa hata mara moja. Ndiyo maana mpaka leo ukimtajia Kifaru ndege, anauliza kwanza: "Yupi, au ipi?"

Basi, abiria wangu, shukeni, hadithi imetua: neno lisikilizeni lote, hata ile silabi yake ndogo ya mwanzo.