Migomba Iliyotembea

Mtu mmoja alikuwa na kazi ambayo wenzake waliiona ya heshima, naye mwenyewe akiiogopa. Jina lake Kyaruzi. Katika kijiji chao, kilichokaa mlimani juu ya mto, kitovu cha mtoto kilipodondoka kilitiwa ndani ya kijungu cha udongo, kikazikwa chini ya mgomba, na mgomba huo ukawa wake mpaka afe. Kazi ya Kyaruzi ilikuwa kukumbuka. Mtu alipokuja kumwuliza, "Mzee, wangu ni upi?" alimpeleka katikati ya majani, akaweka kiganja juu ya shina, akasema, "Ni huu." Na yule mtu alirudi kwake kifua mbele, kama aliyeonyeshwa hati ya kiwanja.

Hawakujua alichokijua Kyaruzi.

Aliporithi kazi hiyo, akiwa bado kijana, aliweka jiwe jeupe penye mgomba wa baba yake asije akausahau. Miaka ikapita. Siku moja, jua likiwa utosini, alikwenda kuutazama akaukuta umesimama hatua tatu kupita jiwe, upande wa juu wa mlima. Alidhani watoto wamelichezea, akalirudisha mahali pake. Miaka ikapita tena, na mgomba ukawa umeliacha jiwe tena. Mkulima yeyote angemweleza sababu: mgomba ukishatoa mkungu hufa, na chipukizi lake huota pembeni, haliwi palepale, na mjukuu wake huota pembeni zaidi. Ndiyo, sababu ipo. Lakini ni jambo moja kuijua sababu, na jambo jingine kusimama peke yako mchana kweupe, upepo hakuna, ukasikia jani moja linapiga, kisha la pili yake, kisha la tatu, kwa mstari, kama mtu anayepita huku akiyagusa kwa bega. Kyaruzi alilipima shamba zima kwa unyayo wake. Migomba yote ilikuwa imetembea. Yote ilikuwa ikipanda mlima, imeupa mto kisogo.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na kwa faida gani? Watu walimletea pombe na mikungu kwa sababu ya kile kiganja chake juu ya shina. Basi akaendelea kukiweka, na kila alipokiweka alijua kwamba chini ya hapo hakuna kitu. Alidanganya hivyo miaka thelathini. Mimi simwiti mtu mbaya. Namwita mtu aliyeogopa kupoteza kiti chake, na wa namna hiyo tunawajua.

Kyaruzi alikuwa na binti, jina lake Atugonza, naye hakuzaliwa mlimani. Mwaka ule ambao watu wa ng'ambo walikuwa wakikimbia, mwanamke mmoja aliuvuka mto na mtoto mgongoni, akapanda mpaka mlango wa kwanza, nao ulikuwa mlango wa Kyaruzi. Akaomba maji. Akamfungua mtoto, akamweka juu ya mkeka, akamwambia mke wa Kyaruzi, "Mama, nishikie huyu. Mkubwa wake nimemwacha ukingoni, naenda kumleta." Akashuka. Mto ulikuwa umejaa. Hakuonekana tena, wala yule mkubwa.

Mtoto hakulia. Alikuwa hajajua kusema, wala njia hakuiona, maana anayebebwa mgongoni huona kisogo cha mama yake tu. Mke wa Kyaruzi, Kemilembe, alingoja siku saba, kisha akampa jina. Kitovu hakikuwepo. Akaichukua ile mbeleko ambayo mtoto alibebewa, akaikunja, akaitia katika kijungu, akaizika nyuma ya jiko, pale alipozoea kumwaga jivu na maji ya vyombo. Hapakuwa na mgomba mahali pale. Kyaruzi alimwona akizika, akageuza uso. Mwaka wa tatu chipukizi lilitokeza pale penye jivu. Hakuna aliyelipanda, na mgomba wa karibu zaidi ulikuwa hatua kumi kutoka pale.

Atugonza akakua. Akalima, akacheza ngoma, akagombana na wenzake kisimani, ikasahaulika kuwa aliletwa. Ndivyo ilivyo raha inapokuwepo. Watu hukumbuka wageni wakati wa dhiki.

Dhiki ikaja. Migomba ikaanza kunyauka. Ndizi zikaiva kabla ya siku zake, ukizimenya ndani zimekuwa nyeusi, na shina ukilikata linatoa ute wa manjano kama usaha. Watoto wakala mihogo asubuhi na jioni. Hapo Mzee Mutalemwa, mkuu wa kijiji, mtu wa fimbo ndefu na maneno machache, akawaita watu akasema kwamba mlima umechoka kulisha midomo isiyo yake. Siku ya nne kila mtu atasimama chini ya mgomba wake, na Kyaruzi atauthibitisha. Asiye na mgomba atauvuka mto siku hiyohiyo, kabla ya jua kutua.

Watu wakanong'ona. Wengine walisema kwamba Atugonza ni mchapakazi, kwamba ndiye aliyewafundisha kupitisha panga motoni kabla ya kukata mgomba mwingine ili ugonjwa usienee, na kwa hiyo aachwe. Kana kwamba mvivu aliyezaliwa pale alikuwa akifukuzwa! Wengine walisema sheria ni sheria. Mutalemwa alisema, "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," na watu wakacheka, lakini kicheko kile kilikatika upesi.

Siku tatu hizo Kyaruzi hakula. Asubuhi ya siku ya nne alimkuta binti yake anafunga vitu vyake katika kanga: sufuria moja, nguo mbili, panga.

"Baba," akasema Atugonza, "ng'ambo wanaamkiana vipi?"

Kyaruzi hakujua. Hakuna aliyejua. Akatoka nje akiwa na aibu kubwa kuliko aliyowahi kuiona kwa jambo lolote, maana alitamani kumwokoa kwa uwongo mmoja tu, wa aina ileile aliyowauzia wengine miaka yote. Kiganja juu ya shina, "Ni huu," basi. Lakini kila mtu aliujua mto aliotokea binti yule. Uwongo ule ungemtosha mtu aliyezaliwa pale. Yeye usingemfaa.

Kijiji kizima kilikuwa kimekusanyika shambani, isipokuwa Atugonza aliyebaki nyumbani. Ndani ya migomba hata asubuhi huwa giza kidogo, la kijani, na nyuso za watu zilikuwa kama za watu walio chini ya maji. Upepo haukuwepo. Mutalemwa akapiga fimbo chini. "Kyaruzi, anza na binti yako. Mgomba wake uko wapi?"

Kyaruzi akamtazama mkewe. Kisha akaenda mpaka kwenye mgomba uliojulikana na wote kuwa wake yeye mwenyewe, akavua koti lake, akalilaza juu ya majani makavu.

"Kabla sijauonyesha wake," akasema, "chimbeni wangu."

Wakachimba, kwa kuwa walidhani ni sehemu ya desturi. Jembe likakata mizizi, likakata udongo mweusi, likafika kwenye mawe. Kijungu hakikuwepo. Mtu mmoja akacheka vibaya. Mutalemwa akasema kwamba mzee huyu amesahau kazi yake, tena akaamuru uchimbwe wa kwake, ule uliokuwa mnene kuliko yote. Chini yake palikuwa na maji kidogo na funza. Akaamuru wa mdogo wake. Hakuna kitu. Watu wakaanza kukimbilia kila mmoja wa kwake, wanawake kwa vijiti, wanaume kwa majembe, na kila shimo lilikuwa tupu. Shamba likawa kama makaburi yaliyo wazi. Zilisikika pumzi tu, na mahali fulani juu yao jani likapiga, kisha la pili yake.

"Kitovu changu kiko wapi?" akauliza Mutalemwa. Sauti yake haikuwa ya mkuu. Ilikuwa ya mtoto aliyeamka akakuta nyumba haina mtu.

"Nyuma ya mgomba wako, Mzee," akasema Kyaruzi. "Huko chini. Migomba hutembea. Nimejua tangu ujana wangu, na nimewadanganya."

Wakashuka hatua sita kutoka mgomba wa Mutalemwa, wakachimba, wakakipata kijungu chenye alama ya nyumba yake, matundu matatu ya kidole gumba. Ndani, vumbi. Mutalemwa akakishika kwa mikono miwili, machozi yakamlengalenga, na laiti angeishia hapo. Lakini hatua chache zaidi kushuka mlima jembe liligonga kingine, chenye alama ileile, na kiburi kikamrudia. "Huyo ni baba," akasema. "Chimbeni! Fuateni mpaka cha kwanza, ili kila mtu aone kwamba nyumba yangu ni ya mlima huu tangu ulipoumbwa."

Wakafuata. Na nyumba nyingine hazikukubali kupitwa, zikafuata vya kwao. Saa sita ikapita, saa nane ikapita. Vijungu vilikuwa vinashuka mlima, baba chini ya mwana, babu chini ya baba, na wenye majembe wakashuka navyo, wamepinda migongo, hawatazami waendako. Wakatoka kwenye kivuli cha migomba. Wakaingia kwenye nyasi. Kyaruzi alikuwa nyuma yao, na aligeuka mara moja tu. Anasema aliiona migomba yote imesimama kimya kama watu wanaosindikiza wageni wao mpaka njiani. Hakugeuka tena.

Kijungu cha mwisho kilitoka kwenye matope. Mutalemwa alikiosha, na alipokiosha akatambua kwamba maji yanampiga magotini. Alikuwa amesimama ndani ya mto. Kijiji kizima kilikuwa kimesimama ndani ya mto, na majembe yao. Na kile kijungu kilikuwa chekundu.

Kila mtu mlimani hujua kwamba udongo wa upande huu ni mweusi. Udongo mwekundu uko ng'ambo tu.

Wakaangalia vya wenzao. Vya mwisho vyote vilikuwa vyekundu. Kimoja kilikuwa kidogo mno, kimefinyangwa haraka na mtu asiye mfinyanzi, na alama za vidole zilizobaki juu yake zilikuwa za mwanamke. Bibi mmoja akaanza kulia na hakuweza kusema anamlilia nani. Jua lilikuwa linashuka, saa ileile waliyoiweka ya mtu kuvuka, na walikuwa pale penyewe pa kuvukia. Juu mlimani walikuwa hawajamwacha mtu ila mmoja. Hakuna aliyekumbuka kumwambia ashuke. Moshi ulikuwa unatoka jikoni kwa Kyaruzi.

Wakapanda. Walikuwa wamelowa, wana njaa, wamejaa matope, na kila mmoja amekumbatia kijungu chake kifuani kama kichanga. Njia itokayo mtoni hufikia mlango mmoja kwanza. Atugonza alikuwa amekaa nyuma ya jiko, chini ya mgomba ule ambao hakuna aliyeupanda, na ile kanga yenye vitu vyake iko miguuni pake. Mgomba ule haukuwa na ugonjwa. Ulikuwa umebeba mkungu mzito, umeinama nao, haujavunjika. Wazee husema mgomba haushindwi na mkunguwe.

Watu wakasimama mbali kidogo. Mutalemwa akatangulia. Fimbo yake ilikuwa imechukuliwa na maji. Alitazama kile chekundu mikononi mwake, akamtazama yule binti, akafungua kinywa, na neno lililomtoka halikuwa lile alilokuwa amelitunza kwa siku nne. Lilikuwa neno ambalo hakuwahi kulisema katika mlima ule tangu azaliwe, kwa kuwa kila mlango aliuhesabu kuwa wake.

"Hodi," akasema.

Kyaruzi alikuwa nyuma ya wote. Kazi yake ilikwisha siku ile. Hakuna aliyemwuliza tena mgomba wake uko wapi, wala hakuna aliyemletea mkungu. Anasema hakujuta. Lakini kwa muda ule, kati ya hodi na jibu lake, anasema aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa majani yanayopiga bila upepo, maana yule binti alikuwa na haki ya kunyamaza.

Atugonza aliinuka. Alimtazama mzee yule na matope yake, na kile alichokibeba. Kisha akasema, "Karibuni," akaingia ndani kuleta maji.

Sasa nawauliza ninyi mliokaa hapa na vijungu vyenu, mkijua mgomba wa kila mtu ulipo: kati ya aliyebisha na aliyekaribisha, mgeni alikuwa nani?