Bei ya Mpishi wa Kiume

Harusini kwa tajiri Mbaruku nilikula pilau sahani tatu, kwa hiyo habari hii niulizeni mimi.

Bi Mwanakheri alitaka laki tatu kuipika. Mbaruku akacheka. "Laki tatu ni bei ya mwanamume. Wewe chukua laki moja."

"Basi nitakuletea mwanamume."

Akamleta Faki, tumbo mbele, uso umekunjwa. "Laki tatu, kabla ya moto," alisema Faki. Akalipwa papo hapo.

Siku ya harusi Faki alikaa kitini kafumba macho, Mwanakheri akikoroga.

"Mbona hashiki mwiko?" aliuliza tajiri.

"Taratibu, bwana. Anasikiliza sufuria."

Wageni walilamba vidole. Tajiri akamfuata Faki. "Fundi, siri yako nini?"

"Sijui, bwana. Mimi naziba pancha za baiskeli. Bi Mwanakheri kanipa elfu kumi nije kukutajia bei."